Behewa la Mwisho Limefika?

Stesheni ya Kipkelion, iliyoitwa Lumbwa enzi za ukoloni, iko kwenye reli ya njia moja inayoteremka kutoka Mau kupitia Londiani, kisha Fort Ternan, hadi Kisumu, ambako wajenzi walifika Desemba 1901. Kwenye reli ya njia moja, treni inayopanda na inayoshuka hupishana stesheni tu: moja inaingia njia ya pembeni na kungoja. Ndiyo maana niliichagua Kipkelion nilipotaka kuunda reli ndogo ya mfano inayojiendesha. Nina ubao wa mita tatu, Londiani ncha hii, Fort Ternan ncha ile, Kipkelion katikati, na treni mbili. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja. Ukiipunguza mara 87 unapata kama milimita 11.5, na reli za mfano za milimita 12 zinauzwa tayari.

Wengi hudhani kazi ngumu ni kuifundisha kompyuta kuendesha. Kuendesha ni rahisi. Kila kipande cha reli kina waya wake, na kidhibiti kidogo kama Arduino huongeza au kupunguza umeme wake, treni ikang'oka polepole na kusimama polepole. Kazi yenyewe ni kuwa na hakika kwamba kipande kilicho mbele ni kitupu.

Kwenye reli kubwa, Mmarekani William Robinson alilitatua jambo hili mwaka 1872, na mimi bado naustaajabia ufumbuzi wake. Betri huwekwa ncha moja ya kipande, na swichi ya sumaku-umeme ncha nyingine. Umeme hupita ndani ya reli zenyewe na kuishikilia swichi. Treni ikiingia, magurudumu yake huunganisha reli mbili, umeme unapita njia ya mkato, swichi inaachia, na ishara inakuwa nyekundu. Sasa betri ikifa je? Waya ukikatika? Reli ikivunjika? Swichi inaachia vilevile, na dereva anaona nyekundu. Ubovu na treni vinatoa jibu moja: simama.

Vihisi vingi vya reli za mfano hufanya kinyume. Hupima umeme unaovutwa na mota ya injini. Usipovutwa, kipande kinahesabiwa kitupu. Kwa hiyo waya ukilegea, treni nzima inatoweka machoni pa programu. Mabehewa, kwa kuwa hayana mota, hayaonekani kabisa. Mimi nilijifunza hivyo siku behewa la nyuma lilipochomoka kwenye kona ya kutoka Londiani. Injini iliingia Kipkelion salama, programu ikairuhusu treni ya kupanda iende, na nikaokota mabehewa sakafuni.

Dawa nimeipata kwa stesheni masta wa zamani. Yeye hakuiarifu stesheni jirani kwamba njia i wazi kabla hajaiona taa ya mkia, ile ya behewa la mwisho, ikipita mbele yake. Nami nimebandika sumaku mbili kwenye kila treni, moja chini ya injini, nyingine chini ya behewa la mwisho. Katikati ya reli, mlangoni mwa stesheni, kuna kichupa cha kioo chembamba kama njiti ya kiberiti, ndani yake ndimi mbili za chuma zinazogusana sumaku inapopita. Kidhibiti husubiri miguso miwili. Lakini ndimi hizo hutetemeka, na mguso mmoja huweza kuhesabiwa mara tatu, behewa likadhaniwa limefika kumbe bado. Hivyo programu hupuuza kila mguso unaofuata ndani ya milisekunde 50.

Na stima ikipotea ikarudi, programu huanza kwa kuvihesabu vipande vyote kuwa vina treni. Hakuna kinachosogea hadi nipite kando ya ubao, niikague reli kutoka Londiani hadi Fort Ternan, na kubonyeza kitufe cha kila kipande kwa mkono wangu.