Uzito uliogoma kushuka

Kabla jua halijapanda juu ya msitu wa Kakamega, barabara ya kuelekea uwanja wa Bukhungu huwa tayari ina watembeaji. Wengi ni wanawake wa makamo, raba miguuni, sweta kiunoni, wawiliwawili, wakizungumza kwa pumzi fupi. Si wote walioanza kwa kupenda. Kliniki iliwaambia sukari imepanda, au presha haitulii, na uzito lazima ushuke. Basi wakapunguza tonge, wakaacha soda, wakameza vidonge walivyoandikiwa, wakaamka alfajiri. Miezi mitatu ya kwanza kilo 5 au 6 zikaenda. Sketi zikalegea. Kisha mizani ikagoma: mwezi wa tano 91, wa sita 91, wa saba 92.

Mmoja wao anaporudi kliniki, swali la kwanza huwa, "Mama, una uhakika huli usiku?" Nimelisikia swali hilo likiulizwa mbele ya foleni nzima, na nikamwona aliyeulizwa akikunja kitabu chake na kuondoka bila kusubiri dawa. Swali hilo linaumiza, na mara nyingi halifichui kitu. Mtu anayefuata masharti halafu uzito wake ukakwama huenda hana kosa lolote la siri. Mwili wake unajitetea, na namna unavyojitetea inajulikana vizuri zaidi kuliko wagonjwa wanavyoelezwa. Jambo hili si la wachache: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 45 kati ya kila 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia.

Aliyekulia mashambani Shinyalu au Malava anaujua mwezi wa Juni, mahindi yakiwa bado mabichi shambani na ghala limebaki vumbi. Unga hupimwa kwa kikombe. Kazi zinazoweza kungoja zinangojeshwa. Watoto hulala mapema. Hakuna anayetangaza njaa, lakini nyumba nzima hubana matumizi hadi mavuno. Mwili nao hufanya hivyo hivyo. Haujui kwamba chakula kimepunguzwa kwa ushauri wa daktari. Unachojua ni kwamba ghala linapungua.

Ghala la mwili ni mafuta, na mafuta hayakai kimya. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua homoni ya leptini, ambayo seli za mafuta huitoa kuujulisha ubongo akiba iliyopo ni kiasi gani. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo hupokea habari hiyo kama taarifa ya njaa. Miaka mitano baadaye watafiti wa Japani wakagundua grelini, homoni inayotoka tumboni na kuamsha hamu ya kula. Anayepunguza uzito hupata yote mawili pamoja: leptini inashuka, grelini inapanda. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 waliopunguza uzito kwa mlo mkali wa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye, homoni zao zilikuwa bado zinaita chakula kwa nguvu kuliko kabla hawajaanza. Kwa hiyo anayesema "nina njaa kuliko zamani" hasingizii.

Upande wa pili ni matumizi. Mwili uliopungua unahitaji nishati kidogo kwa sababu ni mdogo, hilo halishangazi. Kinachoshangaza ni kwamba hubana hata zaidi ya udogo wake. Washindani 14 wa kipindi cha televisheni cha Marekani cha kushindana kupunguza uzito walifuatiliwa kwa miaka 6, na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Walikuwa wamepunguza wastani wa kilo 58, na kilo 41 kati ya hizo zikawa zimerudi. Na bado miili yao, ikiwa imepumzika tu, ilikuwa ikitumia karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito wao. Kalori 500 ni sawa na gramu 140 hivi za unga mkavu wa mahindi, sahani ya ugali ya mtu mmoja. Walipungua kwa kasi isiyo ya kawaida, na anayepunguza kilo 6 hatabanwa kiasi hicho. Lakini mwelekeo ni ule ule, na ndiyo maana mlo ulioondoa kilo 5 miezi mitatu ya kwanza hauondoi hata moja mwezi wa saba.

Je, matembezi ya Bukhungu? Jibu zuri zaidi ninalolijua lilitoka hapa hapa Afrika Mashariki. Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huwinda, huchimba mizizi na kutembea kilomita nyingi kila siku. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati ambayo Wahadza hutumia kwa siku, wakiipima kwa maji maalumu yanayofuatilika ndani ya mwili. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadza alitumia nishati karibu sawa na Mmarekani anayeshinda kwenye kiti. Inaelekea mwili unaofanya kazi nyingi hupunguza matumizi mahali pengine ndani yake. Matembezi peke yake, basi, huondoa kilo chache kuliko tunavyoahidiwa. Ila yasiachwe hata siku moja kwa sababu hiyo. Yanashusha presha, yanasaidia misuli kuvuta sukari kutoka kwenye damu, na yanamsaidia aliyepungua asirudi alikotoka, hata mizani ikinyamaza.

Lipo jambo moja gumu kulisema, nami nalisema kwa heshima. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu 10 waliosema hawapungui ingawa hula chini ya kalori 1,200 kwa siku. Miili yao ilikuwa ikitumia nishati kama kawaida. Walikuwa wakila karibu mara mbili ya walivyodhani. Walioamini hesabu yao hawakuwa waongo. Chakula cha nyumbani hakipimiki kwa macho. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na mafuta yanayomiminwa kwenye sufuria ya sukuma wiki hakuna anayeyahesabu. Mpishi huonja. Na hii ni nchi ya miwa: chai ya maziwa huja na vijiko vitatu vya sukari bila kuulizwa. Vikombe vinne kwa siku, nyumbani, kwa jirani, kazini na matangani, ni kalori 200 hivi za sukari pekee. Hiyo ni karibu saa nzima ya kutembea barabarani, imekwisha.

Kukataa kikombe hicho si jambo dogo. Mgeni asiyekunywa chai ameidharau nyumba. Isitoshe, kizazi chetu kilikua wakati ambapo kukonda kulimaanisha kitu kimoja. Miaka ya 1980 Waganda waliuita ukimwi "Slim". Anayeanza kupungua leo bado huulizwa kwa sauti ya chini kama yuko salama, na shangazi humwongezea nyama. Daktari anayetoa karatasi ya mlo bila kuuliza nani anapika na nani anapakua ametoa nusu ya ushauri.

Sasa dawa, mahali ambapo naona wagonjwa wakiachwa peke yao zaidi. Zipo dawa za lazima kabisa ambazo huongeza uzito. Insulini ni mojawapo, na vidonge vya kisukari kama glibenklamidi pia. Prednisoloni inayotolewa kwa pumu na baridi yabisi huamsha njaa na kukusanya mafuta tumboni na usoni. Baadhi ya dawa za kifafa, za sonona na za magonjwa ya akili hufanya hivyo hivyo, valproeti, amitriptilini na olanzapini zikiwamo. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza kilo kwa baadhi ya wanawake, si wote. Kenya ilianza kutumia dolutegraviri ya bei nafuu katika dawa za ARV mwaka 2017, na dawa hiyo imewafaa wengi sana. Lakini majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini na Kameruni, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha waliotumia dolutegraviri wakiongezeka uzito zaidi, hasa wanawake.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayopaswa kuachwa kwa uamuzi wa nyumbani. Kuacha insulini au prednisoloni ghafla kunaweza kuua, na kuacha ARV huwapa virusi nafasi. Lakini mgonjwa ana haki ya kuuliza kama ipo nyingine, na mara nyingi ipo. Kwa kisukari, kwa mfano, metformini haiongezi uzito, na katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 ilipunguza takribani kilo 2. Kilo 2 ndizo za kutarajia, wala si 20. Hadhari zaidi ni kwa dawa zisizo na lebo: dawa za "asili" za viungo zimewahi kukutwa na steroidi ndani yake katika nchi mbalimbali, na mmezaji hujikuta amevimba uso bila kujua sababu.

Kuhusu sindano mpya ambazo kila mtu anaziulizia, semaglutidi huiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba tumeshiba. Katika jaribio la watu 1,961 lililochapishwa mwaka 2021, waliochomwa dawa hiyo walipunguza wastani wa asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68. Hata hivyo, takribani mmoja kati ya saba hakufikia hata asilimia 5, ingawa alipewa dawa ile ile na ushauri ule ule. Walioacha walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutidi bandia (Ozempic) Juni 2024, kwa hiyo sindano inayouzwa kwa simu na kuletwa na bodaboda isichomwe.

Nini basi cha kufanya mizani ikigoma? Kwanza hesabu ifanywe upya kwa uzito wa sasa, kwa sababu mlo wa mwenye kilo 97 si mlo wa mwenye kilo 91. Maharagwe, mayai, omena na kuku vishike nafasi kubwa zaidi kwenye sahani, maana protini hushibisha na hulinda misuli. Mrenda na kunde ziongezwe, ugali uwe wa mwisho kupakuliwa. Usingizi uangaliwe pia. Katika utafiti mdogo wa mwaka 2010, watu waliokuwa kwenye mlo ule ule walipolala saa 5 na nusu badala ya 8 na nusu walipoteza mafuta pungufu kwa zaidi ya nusu, na wauza mboga wanaofika sokoni saa 10 alfajiri hawahitaji kuelezwa maana yake. Ikiwa kuna uchovu usioisha, baridi isiyoelezeka, hedhi iliyovurugika au ndevu kidevuni, kipimo cha tezi ya shingo na uchunguzi wa ovari viombwe.

Na kipimo kisiwe mizani peke yake. Mtu aliyeshuka kutoka 97 hadi 91 na kubaki hapo amepoteza asilimia 6. Katika utafiti ule wa 2002, watu waliolenga kupunguza asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa hiyo siku ya kliniki beba mfuko wenye dawa zote unazotumia, pamoja na kadi ya sindano ya uzazi wa mpango na ile chupa isiyo na lebo. Mwombe muuguzi futi ya fundi cherehani akupime kiuno, kwani kwa mwanamke kiuno cha zaidi ya sentimita 88 ni cha hatari. Kisha muulize, kabla hamjazungumzia kilo, presha na sukari zimesoma ngapi leo na zilikuwa ngapi siku ulipoanza kutembea.