Vita vya Ng'ambo ya Ziwa (Sehemu ya Nne): Anachokumbuka Mwanafunzi wa Makere

Desemba 2025, siku chache tu baada ya Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda kukutana Washington kuthibitisha mapatano ya amani, waasi wa M23 waliingia Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa msikilizaji wa redio wa Dodoma ilikuwa habari ya nje. Kwa Makere, wilayani Kasulu, ilikuwa habari ya jirani, maana Uvira na Fizi ndiko walikotoka Wakongo wengi wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa hapo Novemba 1996.

Muulize mwanafunzi wa sekondari wa Makere alichofundishwa kuhusu vita vya Kongo. Atataja 1996, atamtaja Mobutu, atamtaja Laurent Kabila, halafu atatoa neno "ukabila" kama jibu la maksi mbili. Ukimbana kidogo atasema, "Ndipo wakimbizi wakaja." Basi. Ndani ya kambi, mwenzake wa Kikongo anafuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, akijiandaa kwa mitihani ya nchi ambayo huenda hajawahi kuikanyaga. Watoto hawa wawili wanatenganishwa na mwendo mfupi wa miguu na wanasikilizana kwa Kiswahili, lakini vita vilivyowakutanisha kila mmoja anavisoma kwa upande wake.

Sehemu tatu zilizotangulia zilipita kwa Leopold, Lumumba, Mobutu na msafara wa wakimbizi wa Rwanda wa 1994. Leo ni zamu ya 1965, mwaka ambao daftari la mwanafunzi huyu linauruka, ingawa sehemu kubwa ya mkasa wake ilipita mkoani kwake Kigoma.

Aprili 1965 kikundi kidogo cha Wakuba kilivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa boti kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa Kongo. Mkuu wao kwa jina alikuwa Víctor Dreke, aliyeitwa Moja. Wa pili aliitwa Mbili. Aliyeitwa Tatu, aliyeingizwa kwenye msafara kama daktari na mkalimani, alikuwa Ernesto Che Guevara, waziri wa Kuba aliyekuwa ametoweka machoni pa dunia. Walikuja kuwafunza waasi wa Simba waliopigana na serikali ya Moïse Tshombe. Tanzania iliwaunga mkono waasi hao, na silaha kutoka China na Urusi zilipitia Dar es Salaam na Kigoma kabla ya kupakiwa kwenye maboti.

Tatu alikuta jeshi la ajabu. Vijana walipakwa dawa ya mganga wakaahidiwa kwamba risasi zitageuka maji. Aliyekufa ilisemekana amevunja mwiko, ama amemgusa mwanamke ama ameogopa. Viongozi wengi hawakuonekana. Mmoja wao, Laurent Kabila, kijana wa miaka 25, alisubiriwa miezi. Alipofika Julai alikaa siku chache, akahutubia kwa ufasaha, akavuka kurudi Kigoma. Mwishoni mwa Juni shambulio la Bendera, penye mitambo ya umeme wa maji, lilikuwa limevunjika vibaya. Wakuba wanne walikufa, na karatasi walizoziacha zikawafichulia maadui kwamba Kuba imo vitani. Novemba Guevara alivuka tena kuja Kigoma, kisha akajifungia katika ubalozi wa Kuba Dar es Salaam kuandika yaliyomsibu. Humo aliwalaumu sana makamanda waliopenda starehe za Kigoma huku askari wao wakiugua milimani.

Kabila hakukoma. Mwaka 1967 aliunda chama chake, PRP, akajenga ngome Hewa Bora katika milima ya Fizi, na kwa miaka mingi akaendesha pale kijinchi chenye shule na zahanati, kikiishi kwa dhahabu na pembe za ndovu. Usiku wa Mei 19, 1975, watu wake wapatao 40 wenye silaha walitua kwa boti Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, kwenye kituo cha utafiti wa sokwe cha Jane Goodall. Waliwakamata wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na msaidizi mmoja Mholanzi, wakawavusha ziwa, wakadai pesa na silaha. Wote waliachiwa baada ya wiki kadhaa za mazungumzo na fidia.

Huyo ndiye Kabila ambaye mwanafunzi wa Makere anamkariri kana kwamba alizuka 1996 akiwa kiongozi wa AFDL, muungano wa waasi uliomwangusha Mobutu. Alipoingia Kinshasa Mei 1997 alikuwa na miaka thelathini ya ngome, magendo na maisha ya Dar es Salaam nyuma yake. Na katika familia zilizopanda maboti kukimbilia Kigoma mwishoni mwa 1996, nyingi zilitoka Fizi, kwenye milima ile ile aliyoahidi kuikomboa.

Ndiyo maana jibu la "ukabila" halitoshi, tena lina madhara. Linawatwisha lawama watu wa Uvira na Fizi, Wabembe, Wafuliru na Wanyamulenge, wote kwa mkupuo, na linawaachia huru waliouza bunduki, walionunua dhahabu na waliotoa amri wakiwa ng'ambo penye usalama. Kumfundisha mtoto kwamba jirani yake anaua kwa sababu ya kabila lake ni kumwandalia vita vingine. Mwalimu anayeliacha jibu hilo lipite bila swali la pili naye ana sehemu yake ya dhambi.

Kuhusu M23 yenyewe, itoshe kukumbusha kwamba jina lake linatokana na makubaliano ya Machi 23, 2009. Kwamba iliiteka Goma mara ya kwanza Novemba 2012, ikashindwa mwaka uliofuata na jeshi la Kongo likisaidiwa na brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa na askari wa Tanzania. Na kwamba iliirudia Goma Januari 2025 na kuitwaa Bukavu mwezi uliofuata.

Sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hakuna kinachoizuia shule ya Kasulu kuingiza humo habari za ziwa lake yenyewe. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini Kigoma mwaka 1965 sasa amepita themanini. Wapo waliopakia masanduku bandarini bila kuulizwa kama wanajua yaliyomo, wapo wavuvi wa Gombe, na Nyarugusu kuna wazee wa Fizi waliokulia chini ya PRP. Kidato cha pili wapewe kazi ya likizo: mzee mmoja, jina la mahali, mwaka, aliyoyaona kwa macho na aliyoyasikia, kila kimoja kwenye safu yake. Madaftari hayo yakabidhiwe maktaba ya wilaya, na nakala zipelekwe kwa walimu wa Kikongo kambini wazisome na watoto wao.

Sehemu ya tano itahamia Burundi: kuuawa kwa Melchior Ndadaye Oktoba 1993, mazungumzo ya Arusha chini ya Mwalimu Nyerere na baadaye Nelson Mandela, na kufungwa kwa kambi ya Mtabila mwaka 2012.