Kijana anaongeza kasi ya kadi ya picha? Ajue pa kusimama

Saa tano usiku, mageti ya Mbezi Beach yameshafungwa, lakini chumba cha kijana bado kina mwanga na kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga. Mama anagonga mlango. "Mama, naongeza kasi ya memori kidogo tu," anajibiwa. Hajui acheke au achomoe waya ukutani, maana ndani ya kompyuta hiyohiyo ndimo zilimo hesabu za duka lake.

Asichomoe kwanza. Kadi ya picha, yaani kifaa kinachochora gemu kwenye skrini, ina memori yake, na kiwandani huwekewa kasi inayobakiza akiba kidogo. Kijana mwenye programu kama MSI Afterburner anaitafuta akiba hiyo. Si uhuni. Ni upimaji, na unahitaji subira ambayo wazazi wengi hulalamika kwamba vijana hawana.

Kosa la wengi ni kudhani kasi ni salama mradi gemu haijakwama. Memori za kadi nyingi za sasa hugundua data iliyoharibika njiani na kuituma upya. Picha inabaki safi, kompyuta haizimi, ila muda unapotea katika kurudia. Namba ya megahezi inapanda huku gemu ikizidi kuwa nzito! Kwa hiyo asisubiri vitone vya rangi au michirizi kwenye skrini. Vikionekana, mpaka umeshavukwa.

Apandishe megahezi 50 kila hatua, apime kwa jaribio lilelile, aandike matokeo kwenye daftari. Matokeo yakiacha kupanda, arudi nyuma hatua mbili, kisha acheze gemu nzito kwa saa nzima, kwani memori inayofaulu ikiwa baridi inaweza kushindwa ikishapata moto. Asiiruhusu programu kuweka kasi mpya yenyewe kila kompyuta inapowashwa mpaka amejiridhisha. Hivyo mambo yakiharibika, kuzima na kuwasha kunarudisha kasi ya kiwandani.

Namba za mtandaoni asizinakili. Kadi mbili za aina moja, zilizonunuliwa siku moja Kariakoo, zinaweza kuwa na mipaka tofauti. Tena aliyepima Ulaya wakati wa baridi hajui Februari ya Dar es Salaam, ambapo mchana joto hupita nyuzi 30. Programu ya HWiNFO huonyesha joto la memori kwenye kadi nyingi. Zile za GDDR6X hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 110, na si busara kuishi karibu na hapo. Vumbi kwenye feni lisafishwe kabla ya jaribio lolote.

Lipo pia la afya. Kadi inayokula wati 200 humwaga karibu joto lote hilo chumbani, na chumba cha joto ni adui wa usingizi. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Kupima usiku wa manane kunamharibia mtoto usingizi, na LUKU nayo inakwenda.

Apime Jumamosi saa nane mchana, joto likiwa kali: kasi itakayohimili saa hiyo, usiku haitasumbua. Kabla hajaanza, hesabu za duka zinakiliwe kwenye flashi, na flashi akae nayo mama.