Mafuta ya sahani yetu

Ku Hewa Bora, bila mafuta ya ngazi sombe haishuki na bukari. Lakini bandugu, mwenzetu mmoja wa zamu amepatikana na sukari, wamemutosha ku mashini. Ndiyo tukaanza kuuliza.

Mu 2015, ku Gothenburg, Uswidi, walilisha panya juma 11: wamoja mafuta ya nguruwe, wengine mafuta ya samaki, kiasi sawasawa. Wale wa nguruwe walinenepa zaidi, mwili ukashindwa kutumia sukari vizuri.

Panya si mtu, tunajua. Ila mafuta ya ngazi, karibu nusu ni ya aina ile inayoganda. Bamama wanaiona ndani ya chupa mwezi wa sita. Na leo tunashinda ku usukani, hatupigi tena piki. Ku sendika tunaomba kantini ilete samaki, na wote tupimwe sukari mapema.