MAFUNZO YA AWALI YA TENISI KWA WATOTO WA VIJIJINI

Imezoeleka kudhaniwa kwamba tenisi ni mchezo wa mijini, na kwamba pasipo kiwanja cha saruji hapana mafunzo. Dhana hiyo huwanyima watoto wengi fursa, na inafaa isahihishwe.

Mtoto wa miaka minane akipewa mpira wa kawaida, mpira hudunda ukapita mabega yake kabla hajajiweka sawa. Akikosa mara kwa mara, huiacha raketi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2007 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilianzisha mpango wa kueneza mipira ya mwendo mdogo, na tangu mwaka 2012 mashindano ya watoto wasiozidi miaka 10 hayachezwi kwa mpira wa kawaida. Mpira mwekundu umepunguzwa kasi kwa asilimia 75, wa rangi ya chungwa kwa asilimia 50, na wa kijani kwa asilimia 25.

Kiwanja kamili kina urefu wa mita 23.77, lakini cha mpira mwekundu ni mita 11 hadi 12 tu, na upana wake ni mita 5 hadi 6. Kwa hivyo hata Sitalike, kijiji cha Mkoa wa Katavi kilicho kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, nafasi hiyo hupatikana. Kinachohitajika ni ardhi iliyosawazishwa na kushindiliwa, kwani mchangani mpira haudundi. Mistari ya majivu. Na kamba iliyofungwa kwenye nguzo mbili, kimo cha sentimita 80. Mahali pachaguliwe mbali na Mto Katuma, penye viboko.

Mwalimu aanze kwa kuwaacha watoto wawili wapelekeane mpira juu ya kamba. Kisha awafundishe kukunja magoti kidogo, kuutazama mpira, kuupiga ukiwa mbele ya mwili, na kurejea katikati baada ya kila pigo. Kuanzisha mpira kwa pigo la juu ya kichwa kufuate baadaye. Asiyeweza kuurejesha mpira mwekundu asiharakishwe kupewa wa rangi ya chungwa.

Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake, alitwaa pamoja na mwenzake taji la wasichana wawili wawili huko Wimbledon. Walimu wa skuli na wazazi wanaombwa wasingojee saruji ndipo waanze.