Kabla Hujapiga Windows, Jua Imekwama Wapi

Wiki mbili kabla ya kukabidhi ripoti yangu ya utafiti, laptopu yangu iligoma. Nilibonyeza kitufe, taa ikawaka, feni ikazunguka, nembo ya kampuni ikatokea, basi. Ikabaki hapo hapo. Nikaizima, nikaiwasha tena: hapo hapo. Ni mashine ya zamani, nimeirithi kwa kaka yangu, lakini ndani yake mlikuwa na sura nne za ripoti na majibu ya hojaji 60 niliyoyakusanya skuli kwa skuli.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hakuifungua hata kidogo. "Mwanangu, hii dawa yake ni kupiga Windows. Lete elfu ishirini, kesho uje uichukue."

Nilikuwa nishakubali. Mwenzangu wa chumba ndiye aliyenizuia. "Shoga, usimwachie. Mimi mwaka jana walinipigia Windows, ikarudi nyepesi kama mpya, kazi zangu zote zimefutika. Na baada ya siku tatu ikakwama tena, maana ubovu haukuwa wa Windows."

Maneno hayo yalinifanya nikae chini nijifunze. Nilichokigundua ni hiki: kukwama wakati wa kuwaka si maradhi mamoja. Pale ilipokwama ndipo panapokwambia ubovu uko upande gani. Kupiga Windows kunatibu upande mmoja tu, tena kukifanywa ovyo kunaondoka na kazi yako.

Kompyuta inawaka kwa hatua

Kwanza umeme unafika kwenye mazabodi. Pili, programu ndogo iliyokaa kwenye mazabodi yenyewe, inayoitwa BIOS, inakagua RAM, kibodi na diski. Hapa ndipo unapoiona nembo ya kampuni. Tatu, BIOS inatafuta diski yenye Windows. Nne, Windows inatolewa kwenye diski na kuingizwa kwenye RAM. Ndiyo vile vidoti vinavyozunguka. Tano, ukishaandika neno lako la siri, zinaamka programu ulizozipakia wewe.

Kabla ya yote, hakikisha imekwama kweli. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, mashine bado ina uhai. Itazame na taa ya diski: ikimetameta, huenda inajikokota tu, hasa kama jana uliizima katikati ya masasisho. Iache nusu saa kwenye chaja, ukasali au ukale, kisha urudi.

Ikikwama kwenye nembo

Hapa mara nyingi Windows haijaguswa bado, kwa hiyo kuipiga upya ni kumtibu asiyeumwa. Anza na mambo yasiyo na gharama. Chomoa kila kitu: flashi, modemu, printa, mausi. BIOS inaweza kung'ang'ania flashi mbovu ikidhani ndiyo diski ya kuwakia. Ikiwa bado, toa chaja na betri, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake na ujaribu.

Bado? Angalia RAM. Kisiwa chetu kina unyevunyevu mwingi, upepo wa bahari una chumvi, na masika yakishika hata sindano ya kushonea inaota kutu. Vile vimeno vya RAM navyo hupata utando, umeme ukawa haupiti vizuri. Toa chaja na betri, gusa kitu cha chuma ili umeme wa mwilini uondoke, fungua mfuniko wa chini, chomoa RAM. Sugua vimeno vyake taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa chembe zake kwa kitambaa kikavu, rudisha mpaka ibane. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

Kuna na kibetri cha duara kama sarafu, CR2032, cha volti 3. Ndicho kinachotunza saa na mipangilio ya BIOS. Ukiona tarehe imerudi nyuma miaka mingi, kimekwisha. Mipangilio ikirudi ya kiwandani, pengine mashine haitaweza tena kuisoma diski yake vilivyo. Kibadilishe, kisha ingia BIOS uweke sawa tarehe na mpangilio wa diski.

Kama hayo yote hayajasaidia, chomoa diski uwashe bila ya diski. Ikipita nembo na kulalamika kuwa haioni diski, basi diski ndiyo iliyokuwa inaikwamisha.

Ikipita nembo

Ukiona skrini nyeusi yenye maandishi kwamba hakuna diski ya kuwakia, yawezekana umesahau flashi, diski imelegea pahala pake, au imekufa.

Ikikwama kwenye vidoti, sasa ndipo pa kuishuku Windows. Kwenye Windows 10, izime kwa nguvu mara tatu wakati inawaka. Itafungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Kwenye Windows 7 bonyeza F8 mfululizo kabla ya vidoti. Chagua iwake kwa hali salama, yaani na vitu vya lazima tu. Ikiwaka hivyo, ondoa draiva au programu uliyoipakia mwisho.

Ikikwama baada ya neno la siri, tatizo ni programu zinazojiwasha zenyewe, virusi vya flashi za kuazimana, au diski kujaa filamu.

Lakini kuwa na tahadhari moja. Ukisikia diski inagonga tik, tik, tik, au inachukua dakika kadhaa kufungua faili moja, usikubali ifanyiwe ukaguzi mrefu wa kurekebisha. Ukaguzi ule unapita diski nzima, na diski iliyo taabani inaweza kumalizikia hapo. Toa kazi zako kwanza.

Kazi kwanza, Windows baadaye

Kazi hutolewa bila ya Windows kuwaka. Njia ya kwanza: chomoa diski, itie kwenye kasha la USB, ichomeke kwenye kompyuta ya mwenzako kama flashi kubwa. Njia ya pili: tengeneza flashi ya GB 8 yenye Linux Mint kwa kutumia kompyuta nyingine, washa kupitia flashi hiyo bila ya kuipakia kwenye diski, kisha nakili faili zako kwenye flashi nyingine. Ukishazipata, hata wakitaka kupiga Windows mara kumi, wapige.

Na umeme usiusahau. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Ni neema kubwa, lakini umeme ukikatika ghafla wakati Windows inaandika kwenye diski, faili za kuwakia zinaweza kuharibika. Laptopu iliyokufa betri iko hatarini sawa na kompyuta ya mezani. Ukikatika, chomoa waya ukutani, na ukirudi subiri utulie kabla ya kuchomeka.

Yangu ilikuwa RAM. Zilikuwa mbili, na moja ilikuwa na utando wa kijani pembeni. Niliisugua kwa ufutio, nikairudisha huku mikono inatetemeka, na vidoti vikaanza kuzunguka. Sikuifungua hata ripoti. Nilinakili folda nzima kwenye flashi, nikajitumia na kwa barua pepe, ndipo nikavuta pumzi. Elfu ishirini yangu ilibaki kwenye mkoba.

Sisemi mafundi hawana kazi. Yako mambo ya kuunga mazabodi ambayo mimi siyawezi. Ila ukienda kwa fundi, usiseme "imestaki" ukanyamaza. Mwambie imekwama hatua gani, na umuulize: diski umeipima? Kazi zangu utazitoa kabla ya kupiga Windows? Akikataa kujibu, chukua mashine yako.

Sisi tunaosomea ualimu jambo hili linatuhusu mara mbili. Mwakani wengi wetu tutakuwa kwenye skuli zenye kompyuta chache, nyingine za zamani kuliko wanafunzi wenyewe. Siku itakapokwama yenye alama za darasa zima, mwalimu mkuu atamtazama kijana aliyetoka chuo. Yule mwenzangu wa chumba ilibidi arudi vijijini kukusanya upya majibu yake yote, na wapo watu ambao hakuwapata tena.