Bilionea wa Senti 99

Kwenye duka la vitabu la Amazon kuna rafu nzima ya hadithi za mapenzi zinazoitwa safi, ambamo havuliwi mtu nguo. Jamaa ana ndege yake, ana ranchi au ghorofa la vioo, na ana donda la moyo lisilopona mpaka akutane na msichana anayeoka keki na kudaiwa kodi ya nyumba. Watagombana, watanyeshewa na mvua, watabusiana mara mbili tatu, na mwisho pete itavishwa. Rafu hiyo ilijaa miaka ya 2010, baada ya Fifty Shades of Grey kumfanya bilionea awe mchumba anayetafutwa kila kona. Waandishi waliotaka utajiri ule bila chumba kile cha kulala, Cami Checketts akiwa mmoja wao, wakaandika hadithi za namna yao. Wengi hujichapishia wenyewe, na hilo linaeleza mambo mengi kuhusu bei.

Vitabu hivi vinapendwa kwa sababu ambazo sioni haja ya kuzionea haya. Unakisoma ndani ya daladala huku jirani akichungulia begani kwako, wala hushtuki. Unakiacha kwenye kochi, binti wa miaka kumi na minne anakiokota, nawe hutafuti pa kuficha uso. Na mwandishi aliyejinyima kitanda hana budi kuwafanya wawili hawa wazungumze. Walio hodari huandika mabishano matamu, ya kuchekesha kweli. Halafu kuna pesa zenyewe. Kwa mtu aliyeshinda akihesabu nauli, ada na umeme wa luku, saa mbili pamoja na watu wasiouliza bei ya kitu ni pumziko.

Msomaji anajua fika kwamba ni uongo. Orodha ya Forbes ya 2025 ilikuwa na mabilionea 3,028 dunia nzima, na walio chini ya miaka 30 walikuwa 21 tu, wengi wao warithi. Rafu hii pekee imeshaozesha vijana wengi kuliko hao. Bilionea wetu wa Mererani, Saniniu Laizer, alipouza mawe mawili makubwa ya tanzanite mwaka 2020 kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, alikuwa na miaka 52 na wake wanne. Sijui mwandishi wa Marekani angeanzia wapi. Mimi huvumilia ndege na visiwa bila taabu. Kinachonishinda ni harusi zao. Mtu anaoa bila mshenga, bila mahari, bila shangazi hata mmoja wa kuuliza kijana katoka ukoo gani.

Sasa twende kwenye bei, kwa dola za Marekani, maana ndizo zinazoandikwa dukani. Kitabu cha kwanza cha mfululizo mara nyingi ni senti 99, au bure kabisa. Cha pili na kuendelea huwa dola 3.99 au 4.99. Tofauti hiyo ina sababu. Amazon humpa mwandishi anayejichapishia asilimia 70 ya bei ikiwa kitabu kinauzwa kati ya dola 2.99 na 9.99, nje ya hapo hupata asilimia 35. Kwa hiyo kitabu cha senti 99 karibu hakimwingizii kitu. Ni chambo, naye amekubali hasara hiyo kwa sababu shujaa ana kaka watano ambao hawajaoa.

Hesabu ya hao kaka ndiyo hesabu yako. Vitabu sita, cha kwanza senti 99 na vitano kwa dola 3.99, vinakuja dola 20.94. Kwa Kenya hizo ni kama shilingi 2,700, na ulidhani umenunua kitabu cha shilingi mia na ishirini na kitu. Kabla ya kubonyeza, fungua ukurasa wa mfululizo mzima uone jumla yake. Angalia pia kama kila kitabu kinaisha chenyewe. Waandishi waungwana humaliza ndoa moja ndani ya kitabu kimoja, na ndugu wa shujaa wanabaki pembeni wakikupungia mkono. Wengine hukata hadithi bibi harusi akiwa bado mlangoni mwa kanisa. Maoni ya wasomaji waliotoa nyota mbili hutaja jambo hilo upesi sana, na mimi huyasoma hayo kabla ya yale ya nyota tano.

Kuna pia mikusanyo, vitabu vitatu mpaka sita vilivyofungwa pamoja. Ukiona mkusanyo wa mwandishi mmoja, mfululizo mzima kwa dola 9.99, hiyo ni bei nzuri. Haipandi zaidi kwa sababu ya mpaka ule wa asilimia 70. Ukiona mkusanyo wa waandishi kumi kwa senti 99, ujue huenda kila kitabu humo ni cha kwanza, na umenunua chambo kumi kwa mpigo.

Aliye Marekani anaweza kulipia Kindle Unlimited, dola 11.99 kwa mwezi, akaazima hadi vitabu 20 kwa wakati mmoja. Vitabu vitatu vya dola 3.99 ni dola 11.97. Basi anayesoma viwili kwa mwezi anapata hasara, anayesoma vinne anapata faida, na anayemaliza mfululizo wa sita kwa mwezi mmoja amelipa dola mbili kila kitabu. Ukiacha kulipa, ulivyoazima vinaondoka.

Hapa pana jambo ambalo wenye kadi ya maktaba wanapaswa kulifahamu. Ndugu zetu wa Minneapolis au Columbus huazima vitabu bure kwenye simu kupitia programu ya Libby, kisha wanashangaa mabilionea safi waliosifiwa na rafiki zao hawapo. Mwandishi anayeingiza kitabu Kindle Unlimited hufungwa kwa siku 90, na mkataba hujirudia, asikiuze wala kukitoa popote pengine kwa njia ya kidijitali. Kwa miaka mingi maktaba nayo ilihesabiwa kuwa popote pengine. Utakavyovipata Libby kwa wingi ni vya wachapishaji wa kawaida, kwa mfano Love Inspired ya Harlequin, iliyoanza 1997 na yenye imani ya Kikristo ndani yake, au Heartwarming ya kampuni hiyohiyo. Humo matajiri ni wachache na wafugaji ni wengi. Kwa bei ya bure, mimi ningevumilia ng'ombe.

Malipo ya waandishi ndani ya Kindle Unlimited yanaeleza pia kwa nini vitabu vyenyewe vimekaa vile. Tangu Julai 2015 wanalipwa kwa kila ukurasa uliosomwa, kwa kawaida chini ya nusu senti. Ukurasa uliourukia haulipi. Ndiyo maana sura ni fupi, kila moja inaachia mahali pa kukukosesha usingizi, na baada ya harusi kuna sura ya ziada yenye mtoto mchanga, kisha sura ya kwanza ya ndoa ya kaka anayefuata. Sisemi ni ulaghai. Ila ukijikuta saa nane usiku bado unasoma, usidhani ni mapenzi matupu yaliyokufikisha hapo.

Kwetu Afrika Mashariki Kindle Unlimited haijafika. Aliye Nairobi hununua kitabu kimoja kimoja, akilipa kwa kadi ya Visa ya M-Pesa, nayo hesabu ya ubadilishaji wa fedha humwongezea kidogo. Kitabu cha karatasi kutoka Amazon ningemshauri akisahau: ni dola kumi na kuendelea, na usafirishaji unaweza kuzidi bei ya kitabu.

Pengo hilo limejazwa na programu za sura kwa sura, na hapo ndipo pesa za watu zinapotea hasa. Unaliona tangazo Facebook: mke amefukuzwa usiku wa mvua, hajui kwamba fukara aliyeolewa naye kwa mkataba ndiye mwenye kampuni. Sura za mwanzo bure. Kisha unaombwa ununue sarafu, na sarafu zinafungua sura. Sarafu zipo kwa makusudi, ili usijue sura moja ni shilingi ngapi. Igeuze mwenyewe. Tuseme sura inakugharimu senti kumi za dola, na hadithi ina sura 400. Hiyo ni dola 40 kwa bwana mmoja, na kwa pesa hizo Amazon ingekupa kaka zake wote na chenji. Nazo sura 400 si nyingi kwa programu hizo. Tamthilia fupi za wima za ReelShort, zenye mabilionea walewale, hutumia mtindo huohuo wa malipo. Usafi wa programu hizi ni wa kubahatisha, maana tangazo hukatwa kabla ya mlango kufunguliwa.

Simulizi za WhatsApp za Tanzania ni nafuu na zina uungwana zaidi. Mwandishi anakupa sehemu kumi bure, anaandika ITAENDELEA kwa herufi kubwa, kisha anataka buku (shilingi elfu moja) au mbili utumiwe yote. Unamtumia pesa mtu mwenye simu inayopokelewa. Bilionea wake anakaa Masaki, mama mkwe anazungumza kama mama mkwe, na posa inapelekwa na wazee. Matatizo ni mawili. Nyingi zimeandikwa 18+ wazi juu kabisa, kwa hiyo anayetaka safi abaki na chache. Na nyingine zimeibwa: kundi linauza kazi ya mwandishi mwingine baada ya kufuta jina lake. Ukitumia pesa, hakikisha jina la kwenye muamala linafanana na jina la juu ya simulizi.

Ugonjwa mkubwa zaidi wa rafu hii hauonekani kwenye bei. Lebo ya usafi inahesabu mabusu na kuchunguza mlango wa chumba. Haichunguzi bwana anafanya nini na pesa zake. Nimesoma vitabu vilivyo safi kabisa kwa kipimo hicho ambamo mwanamume analinunua jengo analopanga msichana ili asihame, anamfuatilia kwa walinzi, anamlipia deni bila kumwuliza kisha anamdai shukrani, na bado ndiye bosi wake kazini. Hakuna anayeguswa, na hakuna anayeweza kukataa. Huyo binti wa miaka kumi na minne uliyemwachia kitabu kwenye kochi amekingwa na jambo moja akafundishwa jingine.

Si ugonjwa mpya. Mwaka 1740 Samuel Richardson alichapisha Pamela, kisa cha kijakazi anayemkatalia bwana wake. Bwana anamteka na kumfungia kwenye nyumba ya mbali, kisha anamwoa, na kitabu kinaiita ndoa hiyo thawabu ya wema wake. Daddy-Long-Legs ya Jean Webster, ya 1912, ni tamu mno na inapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Yatima anasomeshwa chuoni na mfadhili asiyemjua. Mfadhili huyo ni tajiri kijana anayekutana naye kwa jina lake halisi, huku akisoma barua anazomwandikia yule mfadhili. Msichana akialikwa likizo na rafiki mwenye kaka mzuri, mfadhili anamkatalia kupitia katibu wake. Nakipenda kitabu hicho, na kila nikifika hapo namkasirikia yule bwana. Angalau Webster anamruhusu binti naye akasirike.

Kwa hiyo nikipakua sampuli ya bure ya riwaya yoyote ya bilionea, simtafuti bwana akiwa mkarimu. Natafuta mahali binti anaposema hapana, nione kinachofuata. Kwa kawaida utapapata ndani ya sura tatu nne za mwanzo. Bwana akifungua mkoba kama jibu la hapana, naacha.

Mwenye shilingi mia mbili na miguu yake aende kwa wauza vitabu wa inama, wale wanaotandaza vitabu chini, katikati ya Nairobi. Mills & Boon zilizoandikwa Modern, aziache kama anataka safi: mabilionea wamo tele, milango iko wazi. Amtafute Betty Neels. Alikuwa muuguzi Mwingereza aliyeolewa na Mholanzi, akachapisha riwaya yake ya kwanza 1969, na kufikia kifo chake 2001 alikuwa ameandika zaidi ya 130, karibu zote zikiwa na daktari tajiri mwenye gari kubwa na nyumba ya kale, na muuguzi anayechoka kazini. Ni safi mpaka ukurasa wa mwisho. Madaktari wake wana kiburi na hawasemi wanachohisi, lakini binti ana kazi yake na mshahara wake, na akichukia anapanda treni.

Na asiye na hata hiyo mia mbili ana Gutenberg kwenye simu yake, kwa bei ya data ya dakika chache. Aanze na The Blue Castle ya L. M. Montgomery, ya 1926. Valancy ana miaka 29, kaambiwa na daktari amebakiza mwaka mmoja, na ndiye anayemposa Barney, mtu ambaye kijiji kizima kinamwona mhuni. Utajiri upo, samahani kwa kuuvujisha, ila unajitokeza karibu na mwisho, na Valancy akiugundua anafungasha virago na kurudi kwa mama yake. Mwanamume inambidi amfuate akiwa mikono mitupu, aombe.